Pale Santuri Inaporuka

Mtaa wa Narung'ombe ulikuwa na namna yake ya kucheza wimbo mmoja, na mgeni yeyote aliyekuja kwenye shughuli zetu alijulikana hapo hapo. Wimbo wenyewe uliitwa "Nisubiri Ndanda", wa bendi ya kusini, Mbwinji Jazz, iliyorekodi santuri chache ikavunjika. Unamhusu mtu anayeondoka Dar es Salaam kwenda kwao kwa mpenzi wake. Kwenye ubeti wa tatu mwimbaji anasema, "Nilipofika Rufiji nikakuta...", na hapo sisi sote, wazee kwa watoto, tunaruka juu kwa pamoja na kutua kwa kishindo. Wimbo unaendelea: "Sikurudi, mama, sikurudi." Mgeni anabaki chini peke yake, mikono hewani, akishangaa tumekanyaga nini.

Tuliruka kwa sababu santuri ilikuwa inaruka. Ilikuwa ya Bakili, fundi wa magodoro ya sufi. Aliinunua mwaka sabini na tatu, wiki ya arusi yake, kwenye duka la Pankaj kule Mtaa wa Libya, Mchafukoge. Siku ya arusi, ikipigwa kwa mara ya kwanza, bibi yake bi harusi alinogewa, akarudi nyuma akicheza, akaigonga meza kwa nyonga. Sindano ikaburuzika juu ya santuri kama kucha ya paka. Tangu siku hiyo, kati ya "nikakuta" na "sikurudi" kulikuwa na shimo, na hakuna aliyejua ndani yake kulikuwa na nini.

Bakili alishonea barazani kwake, gramafoni ikiwa nyuma yake juu ya kabati, ile ya sanduku ambayo mfuniko wake ndio spika. Sufi ilipepea kila mahali. Iliingia kwenye nywele, kwenye kope, kwenye chai, na kwenye sindano. Katikati ya wimbo sauti ilianza kuwa nzito kama ya mtu mwenye mafua. Bakili aliweka chini sindano yake ya kushonea, akainua ile ya gramafoni, akaipuliza, fuu, akaishusha palepale alipoitoa. Wateja walisubiri. Hakuna aliyewahi kumwambia afanye haraka.

Basi yeye na mkewe, Mwanne, walikuwa na ugomvi wao juu ya lile shimo, na ulikuwa ugomvi mtamu kuliko mapatano ya watu wengine.

"Alikuta mwanamke," Mwanne alisema. "Mwanaume anasema sikurudi, sikurudi. Sasa nini kingine kinamzuia mwanaume njiani?"

"Alikuta kivuko kimeharibika," Bakili alijibu. "Wewe mwenyewe umelala Ndundu, pale kivukoni Rufiji, masika, siku ngapi, unang'atwa na mbu, kivuko hakionekani. Angevukaje?"

"Kivuko hakiharibiki maisha, baba Zena. Kingetengenezwa, angevuka. Huyo alikuta mwanamke anauza uji."

"Uji umetoka wapi tena?"

"Ndundu pale wanauza uji. Na wewe unajua vizuri sana."

Mtaa uligawanyika. Kulikuwa na watu wa kivuko na watu wa mwanamke. Bakili akichelewa kurudi kutoka kwenye bao la Mnazi Mmoja, Mwanne alimpokea mlangoni na swali moja tu: "Haya, leo ulikuta nini Rufiji?" Na Bakili, hata awe amechoka vipi, alicheka.

Miaka ya shida ilikuja, dukani hakuna sabuni sembuse sindano za gramafoni, na Bakili akapiga santuri yake mara moja kwa wiki ili sindano isiishe. Kisha mambo yakawa ruksa. Vitu vikamiminika Kariakoo kama mfereji umezibuliwa: redio kaseti za Dubai, mitumba, magodoro ya sponji yaliyofungwa kwa nailoni yanang'aa kama keki. Stesheni za redio zikazaliwa moja baada ya nyingine. Baadaye zikaja CD. Wateja wa sufi walipungua lakini hawakuisha, maana kuna migongo isiyotaka sponji. Bakili aliendelea kushona na kupuliza sindano yake.

Mwaka elfu mbili binti yao wa pekee, Zena, alichumbiwa na Sadalla, kijana mpole wa Temeke aliyefanya kazi bandarini. Wakati huo Zena alikuwa muuzaji kwenye duka lile lile la Pankaj, Mtaa wa Libya. Zamani santuri zilipokwisha Pankaj aligeukia sufuria na thermos, lakini sasa mwanawe Akash alikuwa amerudisha muziki. Upande mmoja wa duka ulibaki wa sufuria, upande wa pili akaweka rafu za CD na kompyuta yenye kifaa cha kurekodia CD, ambacho watu walikuja kukitazama tu kikifungua mdomo na kuutoa ulimi.

Siku moja Akash alikuwa anatoa mizigo stoo apate nafasi. Nyuma ya maboksi ya vikombe akakuta katoni la santuri ambazo hazikuwahi kuuzwa. Zena akalichungulia, na alipoona lebo ya kijani yenye maandishi ya Mbwinji Jazz alipiga kelele mpaka mteja mmoja akaangusha sufuria.

"Nini? Nyoka?" Akash akauliza.

"Akash! 'Nisubiri Ndanda'! Nzima! Haijaguswa!"

Akash hakuelewa mpaka alipoelezwa habari yote ya shimo, bibi aliyecheza, kivuko na mwanamke wa uji. Alicheka akakaa juu ya katoni.

"Basi hiyo ndiyo zawadi yangu ya arusi yako," akasema. "Naiingiza kwenye kompyuta, naisafisha, naiweka kwenye CD. Haitaruka tena mpaka kiama."

Jioni ile, kabla ya kufunga duka, Pankaj alishusha gramafoni yake kutoka nyumbani ghorofani, wakaiunganisha na kompyuta kwa waya. Zena alitoka nje akasimama kibarazani, vidole masikioni. Hakutaka kusikia kabla ya wazazi wake. Kupitia kioo alimwona Akash na Pankaj wameinamia spika. Halafu akamwona Pankaj anainua kichwa taratibu, anamtazama mwanawe, na wote wawili wanaanza kucheka.

"Msiniambie!" Zena akapiga kelele kutoka nje. "Wallahi msiniambie!"

Nyumbani habari ilipokelewa kwa namna mbili. Mwanne alipiga vigelegele kama vile posa imeletwa upya. Bakili alisema "Alaa," akaendelea kula.

Kesho yake alivaa kofia yake safi akatembea mpaka Mtaa wa Libya.

"Shikamoo, mzee Bakili," Akash akasema.

"Marahaba. Nasikia umeiponya santuri yangu bila kuiona."

"Siyo ya kwako, mzee. Ya stoo. Karibu ukae." Akash alimvisha vipokea sauti, vile vya kuziba masikio. "Si ile, usiogope. Huu ni wimbo mwingine tu, usikie CD ilivyo."

Bakili alisikiliza amefumba macho mpaka mwisho. Pankaj naye aliacha hesabu zake akaja kusimama karibu. Bakili akavua.

"Safi," akasema. "Safi mno. Kama maji ya kuchemsha."

"Maji ya kuchemsha hayakuumizi tumbo, mzee."

"Lakini umeshawahi kumsikia mtu akisifia ladha yake?"

Akash alicheka, ila hakukubali kushindwa. "Tazama, mzee. Santuri kila ukiipiga unaila. Sindano ni chuma, inachimba. Miaka ishirini na kitu umekuwa ukiupenda wimbo wako na kuumaliza kwa wakati mmoja. Hii hapa inasomwa kwa mwanga, hakuna kinachoigusa. Nikitaka kumi, natoa kumi, na ya kumi ni sawa na ya kwanza. Zena akienda kwa mumewe anayo, wewe unayo, shangazi yake Masasi anayo."

"Na mimi nitaona nini humu?" Bakili aliigeuza CD, akajiona uso. "Santuri naiona. Naona sindano imefika wapi, wimbo umebaki kiasi gani. Naona pale bibi alipopita. Ile mikwaruzo unayotaka kuisafisha, kijana wangu, ni watu."

"Bakili bhai," Pankaj akasema, "mimi nimeuza vyote viwili. Santuri zilikuwa zinarudishwa kila siku, imepinda, imekatika, mtoto kaikalia. CD hakuna aliyerudisha bado." Akakuna kidevu. "Lakini jana nilipoisikia ile yenu kwenye gramafoni, mke wangu alishuka ngazi mbio, unga bado mkononi. Kwa CD hajawahi kushuka."

"Umeona?" Bakili akamwambia Akash.

"Baba, uko upande gani?"

"Mimi nina duka. Nina pande zote."

Wakati Bakili anarudi, alipishana na mkewe pale kona, lakini hakumwona, maana Mwanne alijificha nyuma ya mkokoteni wa maboksi. Alikuwa na bakuli la vitumbua chini ya khanga. Alisubiri mumewe apite, akaingia dukani, akaliweka bakuli mbele ya Akash.

"Mwanangu, hivi vina iliki. Kula."

"Asante, mama Zena."

"Kula kingine." Alimtazama akitafuna. "Ni mwanamke, eh? Anauza uji?"

Akash alishindwa kumeza kwa kicheko. "Mama, nimeapishwa na Zena. Siku ya arusi."

"Niambie tu kama anauza uji."

"Mama!"

"Basi tikisa kichwa."

Akash hakutikisa. Alikula vitumbua vyote, na Mwanne aliondoka na bakuli tupu, akimsifu njia nzima kwamba mtoto yule amelelewa.

Alimkuta Bakili barazani, godoro mapajani, hashoni. Akakaa kando yake.

"Mbona umekuwa kama wewe ndiye unayeolewa?" akamuuliza.

Bakili alichambua sufi kidogo kwa vidole. "Mama Zena, tukijua, tutagombania nini?"

Mwanne hakutarajia hilo. Alimtazama mumewe, nywele zake nyeupe ambazo nusu zilikuwa mvi na nusu sufi.

"Zena anaondoka," Bakili akaendelea. "Nyumba itakuwa kimya. Nilikuwa nahesabu vitu vitakavyobaki. Nikaona lile shimo nalo ni kimojawapo."

"Mimi na wewe tukose cha kugombania?" Mwanne akasema hatimaye. "Hujanijua bado." Lakini alimshika mkono alipokuwa anasema hivyo, na wapita njia waliwaona.

Wakakubaliana hivi: santuri ya Bakili ipigwe kwanza, mtaa ucheze kama ulivyozoea. Halafu CD.

Arusi ilikuwa Jumamosi. Ndoa ilifungwa asubuhi, na baada ya swala ya adhuhuri mtaa ulifungwa kwa kamba, turubai likatandazwa kutoka nyumba mpaka nyumba, viti vikapangwa, wanawake upande wa nyumba ya Bakili, wanaume ng'ambo ya barabara. Sufuria za pilau zilikuja moja baada ya nyingine. Pankaj alikuja na familia yake, mkewe akiwa na sari ya rangi ya embe bivu, na wakaandaliwa meza yao ya viazi na maharagwe ya nazi, maana hawali nyama. Akash alileta deki ya CD na spika mbili ndefu kama milango. Gramafoni ya Bakili iliwekwa mezani, maikrofoni ikasimamishwa mbele yake.

Wote tulikuwa tunamtazama bi harusi. Hakuna aliyelitazama jua. Turubai lilikuwa na tundu, na jua lilipogeuka miale yake iliingia kwenye lile tundu na kukaa juu ya meza, juu ya santuri iliyokuwa tayari imewekwa kwenye gramafoni, mfuniko wazi.

Bakili alipokwenda kuiwasha, alisimama. Santuri ilikuwa imejikunja ukingoni kama chapati iliyozidi moto. Alijaribu. Sindano ilipanda mlima, ikateleza, ikaanguka pembeni. Akajaribu tena. Spika zilitoa mlio kama wa mbuzi. Bakili aliitoa santuri kwa mikono miwili, akaishikilia kifuani.

Zena alinyanyuka kwenye kiti chake cha bi harusi, akaja na shela lake lote, akamkumbatia. "Baba," akasema, "si imetufikisha? Imenilea mpaka leo."

Pankaj alikuja akaichukua santuri, akaiinua usawa wa macho, akaitazama kama mtu anayetazama ubao kama umenyooka. "Haijafa, bhai. Vioo viwili na uzito juu. Na wewe una magodoro ya uzito. Tutainyoosha."

Bakili alivuta pumzi. Halafu akamgeukia Akash. "Haya. Lete maji yako ya kuchemsha."

Mtaa mzima ukacheka, na arusi ikarudi mahali pake.

Akash aliingiza CD. Gitaa likaanza, na Mungu anajua, wengi wetu hatukulitambua. Lilikuwa karibu mno. Kulikuwa na ngoma ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia, mtu mmoja nyuma alikuwa anapiga chupa, mwingine alikohoa. Miaka yote mle ndani kulikuwa na mtu anakohoa! Sauti ya mwimbaji ilikuja, kijana kabisa, na wanawake wakaanza kusogea katikati, na wanaume nao, na ule mgawanyo wa pande ukasahauliwa. Ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili. Mwanne alikuwa mbele, khanga kiunoni, masikio yamesimama.

"Nilipofika Rufiji nikakuta..."

Tukaruka. Hatukukumbuka. Miguu ilikumbuka yenyewe. Watu mia na zaidi tuliruka juu na kutua kwa pamoja, ardhi ikatikisika, sufuria zikalia, meza ikayumba, na deki ya CD ikashtuka.

"... nikakuta ki-ki-ki-ki-ki-ki..."

"Nayo inaruka!" Bakili akapaza sauti, mikono juu, uso umefunguka kama wa mtoto. "Nayo inaruka! Akash! Inaruka!"

Watu waliangukia viti kwa kicheko. Akash alikuwa ameshika kichwa, anacheka na yeye. Pankaj alikuwa anafuta machozi kwa kitambaa cha meza. Ni Mwanne peke yake aliyekuwa hacheki.

"Kimya!" akapiga kelele. "Nimesubiri tangu nikiwa mwali! Hakuna kuruka! Hakuna mtu kuruka! Akash, tia mto chini ya hicho kitu!"

Na bila kungoja alimwendea Sadalla, bwana harusi, akamnyanyua kwenye kiti, akautoa mto wa sufi aliokuwa ameukalia, mto ambao Bakili aliushona kwa mkono wake kwa ajili ya siku hiyo. Akauweka mezani, deki ikakaa juu yake, ikazama kidogo kama kuku juu ya mayai.

"Rudisha kule kule," akaamuru. "Na atakayeinua mguu namjua mpaka kwao."

Narung'ombe haijawahi kuwa kimya hivyo mchana. Hata mbuzi wa jirani alinyamaza. Tulisimama kama miti, wengine wameshikana mabega wasije wakaruka kwa bahati mbaya. Gitaa likaja. Ubeti ukaja.

"Nilipofika Rufiji nikakuta
kivuko hakuna, maji yamejaa.
Nikavua viatu, nikavua na woga,
nikajitosa. Watu wakapiga kelele, rudi, rudi!
Sikurudi, mama, sikurudi."

Kisha nikasikia mzee mmoja nyuma yangu anasema polepole, "Kumbe alivuka." Na mwingine, "Kumbe alivuka jamani." Likaenea hivyo, mdomo kwa mdomo, mpaka upande wa pili wa turubai. Miaka yote tulikuwa tunamwimba mtu aliyemwacha mpenzi wake, kumbe ni mtu aliyeogelea kumfuata.

Bakili aliruka juu, peke yake. "Kivuko! Nilisema nini? Kivuko hakuna! Nilisema tangu sabini na tatu!"

"Ndiyo, kivuko hakuna," Mwanne akajibu, mikono kiunoni, macho yamejaa maji. "Na mwenzio akaogelea! Wewe miaka yote unanipa kivuko, kivuko, kama sababu ya kutorudi. Mwenzio alivua viatu!"

"Mama Zena, Rufiji ina mamba!"

"Yeye hakuwaona?"

"Ina viboko!"

"Viboko walikuwa likizo siku hiyo?"

Watu walipiga makofi kila upande ukijibu. Watu wa kivuko walidai wameshinda. Watu wa mwanamke walidai hata wao hawakukosea sana, maana kulikuwa na mwanamke, ila alikuwa ng'ambo, Ndanda, anasubiri. Akash aliurudisha wimbo mwanzo bila kuambiwa.

Safari hii, ubeti wa tatu ulipokaribia, tulijikuta hatuna la kufanya. Miguu ilitaka kuruka na masikio yalikataa. Bakili ndiye aliyetuokoa. Alikuwa amesogea mpaka ng'ambo ya barabara, upande wa wanaume. Aliinama, akavua makubazi yake, akayapanga vizuri kando. Akavua na kofia. Na mwimbaji aliposema nikajitosa, Bakili, mtu mzima, baba wa bi harusi, alijitosa katikati ya Mtaa wa Narung'ombe, mikono ikikata hewa mmoja baada ya mwingine, shingo juu, akipuliza kama mtu anayetema maji.

"Rudi! Rudi!" tukapiga kelele, mtaa mzima, kutoka kila upande. "Mzee Bakili, rudi!"

Hakurudi. Aliogelea kati ya viti, akampita mke wa Pankaj, akapiga mbizi chini ya trei ya pilau iliyokuwa inapita, akaibukia mbele ya mkewe. Mwanne alikuwa anacheka hana sauti. Alimfuta uso kwa upindo wa khanga, kama kweli alikuwa amelowa.

"Umechelewa," akamwambia.

"Maji yalikuwa mengi," Bakili akasema.

Tuliucheza wimbo ule mpaka alasiri, tukiogelea. Watoto waliogelea, Sadalla aliogelea na suti yake, Pankaj aliogelea taratibu, mkono mmoja, mwingine umeshika miwani. Kila kishindo kikubwa kilipokaribia mtu alikimbia kuushika mto.

Baada ya arusi Akash alipata kazi. Kila nyumba ilitaka CD. Wengi walitaka ya wimbo mzima. Zena alitaka zote mbili, mzima na ule wa shimo, kwa hiyo Akash alikuja na kompyuta yake kwa mkokoteni mpaka barazani kwa Bakili. Santuri ilikuwa imenyooka, si sana, baada ya kulala kati ya vioo viwili chini ya rundo la magodoro. Walirekodi kwa maikrofoni, maana gramafoni ile haikuwa na tundu la waya. Kwenye CD hiyo unasikia wimbo, unasikia shimo, na katikati unasikia mtu anapuliza, fuu, na mwanamke akiuliza kutoka ndani nani amekula kitumbua chake. Zena aliipenda kuliko ile safi. Sadalla aliniambia huipiga Jumapili asubuhi anapofua.

Bakili mwenyewe alinunuliwa deki na mkwewe, na sitasema uongo, anaitumia. Akiwa anashona na mikono imejaa sufi, anapiga CD, kwa sababu haihitaji kupulizwa. Gramafoni anaifungua mikono ikiwa safi.

Jumamosi moja, mwezi baada ya arusi, Pankaj alifunga duka mapema akaja Narung'ombe na lile katoni lote la stoo begani kwa mchukuzi. Ndani mlikuwa na santuri ambazo hata yeye alikuwa amezisahau, za bendi za Tanga, za Morogoro, taarabu za Pwani, na mbili za sinema za Kihindi zilizowafanya kina mama wa Mchafukoge walie mwaka mzima. Mchukuzi alilitua katoni barazani, Pankaj akakaa juu ya godoro lisilokwisha kushonwa.

"Tunaanza na ipi?" Bakili akauliza.

"Ya Kihindi," Pankaj akasema.

"Kwangu hapa? Tunaanza na Morogoro."

"Bhai, mimi ndiye nimezileta."

"Na gramafoni ya nani?"

Mwanne alitoka na chai ya tangawizi kwenye trei. Aliwatazama wazee wawili wakivutana santuri huku na huku, akaweka trei chini, akachagua moja katikati ya katoni bila kusoma lebo, akaiweka mwenyewe. Ilikwaruza kidogo, kisha tarumbeta zikalipuka, na mtu aliyekuwa anapita na kikapu cha nyanya akapunguza mwendo.